Spika Niliyoivisha Lubugo

Wazee wenzangu wa Kampala wakikaa kuzungumza habari za miaka ile ya jeshi, kila mmoja ana lake alilofanyiwa. Huyu alipigwa kitako cha bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, yule alinyang'anywa baiskeli, mwingine ndugu yake aliaga asubuhi hajarudi mpaka leo. Mimi hunyamaza. Si kwamba sikufanyiwa. Nilifanyiwa kama wote. Lakini ninalo moja nililolifanya mwenyewe, kwa mkono wangu, mchana kweupe, bila askari wa kunisimamia, na nimechoka kulificha nyuma ya askari.

Nilikuwa na ugonjwa wa spika. Sina jina jingine la kuupa. Mchana nilifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kuchapa pale Wandegeya, tukichapa ratiba za ibada na kadi za harusi, na jioni nikifika nyumbani Kyebando sikutaka chakula wala maji ya kuoga kabla sijashika spika. Nasema zile za zamani, za redio kubwa za mbao zenye sahani ya santuri ndani, zilizotengenezwa wakati mimi bado navaa kaptula. Wahindi walipofukuzwa, nyumba zao waligawiwa watu waliotaka vitanda na majokofu. Redio zilitolewa uani zikanyeshewa, kisha zikaishia Katwe kwa wauza vyuma chakavu, nao walizipasua kwa nyundo ili wapate sumaku. Iliniuma kuona hivyo. Nikawa napita kila Jumamosi kuziokoa, mbili leo, moja wiki ijayo, mpaka mke wangu akaniambia nyumba imekuwa hospitali ya vitu visivyolipa.

Spika si kitu kigumu kukieleza. Nyuma kuna sumaku, ndani ya sumaku inacheza koili ya waya, na koili inasukuma koni ya karatasi. Koni hiyo imeshikwa kwenye fremu ya chuma na utepe laini unaoizunguka, tuuite mzingo. Mzingo ukikakamaa, sauti inatoka puani. Ukichanika, spika inakoroma kama mlevi. Na hicho ndicho kilichokufa kwanza katika karibu kila spika niliyookota, maana mende wanaupenda na mvua inaumaliza. Gundi niliipata kazini, ile ya kwato inayochemshwa. Koni niliziba kwa karatasi nyembamba na uji wa muhogo. Mzingo ndio ulionitoa jasho miaka yote.

Mtu pekee aliyeuelewa ugonjwa wangu alikuwa baba mkwe. Alikuwa karani wa ghala katika chama cha wakulima wa kahawa, mtu mpole, mrefu, mwenye pengo la jino mbele. Alikuwa akija kututembelea Jumapili baada ya ibada, anavua koti, anakaa sakafuni pamoja nami na kuishika koni kwa vidole vitatu mpaka gundi ikauke, nusu saa nzima bila kutikisika. "Mgonjwa wako anaendeleaje leo?" ndiyo iliyokuwa salamu yake. Nilikuwa na baba mzazi ambaye hakuwahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

Mimi si Muganda. Baba yangu aliletwa na reli kutoka Kenya, nami nikazaliwa na kukulia katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako Kiswahili ndicho tulichoamkia na kulalia. Kwa jamaa za mke wangu Kiswahili kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa lugha ya kizuizini: wewe, kuja hapa, toa kipande, lala chini. Mama mkwe hakuwahi kutamka neno moja la Kiswahili mbele yangu, na sikumlaumu. Nilijifunza Luganda changu cha kuokoteza na maisha yakaenda.

Isitoshe, mama mkwe na mimi hatukuwa watu wa kuonana. Kwa Waganda kuna mwiko wanaouita buko: mume wa binti na mama wa binti hawagusani, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Ukimgusa, wanasema, mikono yako itatetemeka mpaka kufa. Nilipooa niliona ni mchezo. Baadaye nilielewa kwamba ni heshima ya juu kabisa waliyo nayo, na kwamba yule mama, kwa kunikimbia, alikuwa akinitambua kila siku kuwa ni mtoto wake.

Walimchukua baba mkwe ofisini, saa tano asubuhi. Wanaume watatu wenye viatu vya visigino virefu, vile vya watu wa usalama wa serikali, wakati sisi wengine tulikuwa tunatembelea makatambuga. Wenzake ghalani waliendelea kupima kahawa. Siwalaumu hata hao. Hatukupata barua, hatukupata neno, na kila ofisi tuliyokwenda tuliambiwa tuje kesho, mpaka mtu mmoja mwenye huruma akatuambia tusije tena.

Mama mkwe hakujidanganya hata siku moja. Wake wengine walikaa wakisubiri mume arudi. Yeye alijua amekwisha kuwa mjane, na alichotaka ni kimoja tu: mwili. Amvike, amzike kwao kijijini upande wa Masaka, pembeni ya baba zake, basi. Mwezi uleule alikwenda akanunua lubugo. Hicho ni kitambaa kinachopondwa kutoka gome la mti, chekundu kama udongo wa huko, nacho ndicho sanda ya Waganda tangu enzi. Alichagua la daraja la kwanza, kipande kimoja kikubwa kisicho na kiraka, kutoka kwa fundi aliyeheshimika. "Hawatamzika mume wangu ndani ya blanketi," alimwambia mke wangu. Alipohamia kwetu Kyebando, kwa kuogopa kukaa peke yake, alikuja na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kulikuwa na lubugo lile.

Tulimpa chumba cha uani. Kilikuwa na panya, kwa hiyo sanduku likawekwa sebuleni kwetu, chini ya meza yangu ya kazi. Yeye na mimi tulipangiana saa za kwenda chooni kwa kukohoa. Akikohoa yeye, nasubiri. Nikikohoa mimi, anarudi ndani. Wapangaji wenzetu walidhani nyumba nzima ina kifua kikuu.

Miezi ilikwenda. Alipopata fununu yoyote, alifunga gomesi yake, lile vazi refu la Kiganda, kiunoni akatoka. Alikwenda msitu wa Namanve, walikotupwa maiti, na wanawake wengine, wakipekua majani kwa fimbo. Alirudi na matope mpaka magotini, akaoga, akala, akalala. Mara moja kwa mwezi mke wangu alilitoa lubugo sandukuni, akalianika juani ili mende wasilile, akalikunja tena.

Siku mojawapo kati ya hizo ndipo nililishika. Nilikuwa nimepata Katwe spika kubwa kuliko zote nilizowahi kumiliki, ya inchi kumi na tano, iliyong'olewa katika jumba la sinema, ndani ya kasha la mbao zito mpaka tulilibeba watu wawili. Mzingo wake ulikuwa umeliwa wote. Nilijaribu karatasi ya kazini, ikapasuka. Nilijaribu kitambaa cha shati, kikalegea. Nilijaribu ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa, ikawa ngumu kama sahani. Sasa nikashika pindo la lubugo pale kwenye kamba, baina ya kidole gumba na cha shahada, nikaligeuza. Laini, halina uzi wa kuvutana, lina uzito, linarudi mahali pake ukiliachia. Moyo ulinidunda, sisemi uongo.

Nikamuuliza mke wangu, kama utani, kipande kidogo kama hiki kingefaa nini.

Akaniangalia. "Hiyo si nguo ya kuchezea."

Kwa hiyo nilijua. Huwa nawasikia watu wakisema, mgeni hajui mila za watu, msameheni. Mimi nilikuwa mgeni niliyejua. Nilijua pia kwamba akifa mtu kwao, wakwe huja matangani kila mmoja na lubugo kwapani kama heshima yake kwa marehemu. Mimi nilikuwa natakiwa kuleta, si kuchukua.

Ningeweza kwenda kutafuta langu. Mafundi walikuwa vijijini, na njiani kulikuwa na vizuizi, na mtu mwenye Luganda kibovu na Kiswahili kizuri hakuwa na raha kwenye basi wala kizuizini. Hicho ndicho kisingizio changu na nakiandika hapa kama kilivyo. Kilichokuwa kweli zaidi ni kwamba sikutaka kungoja. Spika ilikuwa mezani, imekaa kinywa wazi, na sanduku lilikuwa miguuni pangu.

Nililikata mchana wa siku ya kazi, nikiwa nimetoroka kiwandani, mke wangu akiwa sokoni na mama mkwe akiwa kwa jirani. Nilijiambia nitachukua pindo tu, vidole vinne. Lakini mzingo hautoki kwenye pindo. Ukiunga vipande, kwenye kila kiungo spika itanguruma. Mzingo mzuri ni duara zima lisilo na mshono. Nikalitandaza lubugo sakafuni, nikaweka sinia la chai kwenye kona, nikachora kwa chaki, nikakata kwa mkasi wa mke wangu wa kushonea, ambao alikuwa amenikataza kukatia karatasi. Kona hiyo itakunjwa chini ya miguu, nilijisemea, nani ataiona. Nikalikunja lubugo kona ikiwa ndani kabisa. Kuanzia hapo nikajitolea kulianika mwenyewe kila mwezi, likiwa limekunjwa. Mke wangu aliniambia nimekuwa mtu mzuri siku hizi.

Spika ilitoka vizuri, na nitasema ukweli wote: sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, si kabla, si baadaye. Jirani yetu Mkongo alituazima santuri zake, nikaiwasha kwa sauti ya chini kwa kuogopa watu wa barabarani, na besi ikatembea sakafuni mpaka vikombe vikaitikia kabatini. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Katika mji ule, mwaka ule, hapakuwa na sabuni wala sukari, na mimi nilikuwa na furaha.

Jumapili iliyofuata redio iliweka kwaya. Nikasikia mlango wa uani ukifunguliwa, kisha kigoda kikiburutwa ukumbini mpaka nyuma ya pazia la mlango wa sebule. Alikaa pale mpaka kwaya ikaisha. Baadaye mke wangu alikuja kuniambia, "Mama anasema uongeze sauti kidogo. Anasema inamfanya kifua kipumue." Nikaongeza. Ikawa desturi. Yule mama ambaye hakuwa amecheka tangu mumewe achukuliwe nilimsikia akiimba nyuma ya pazia, sauti ya pili, akipotea na kurudi. Siku moja alinitumia asante, kupitia kwa binti yake, kwa mkwe wake mwenye mikono ya ufundi.

Mngedhani hapo ndipo ningekwenda kutafuta lubugo jingine hata kwa miguu. Nilikwenda kweli, mara moja, mpaka kwa muuzaji mmoja mjini. Alikuwa na moja, jembamba kidogo, rangi imepauka. Nikajiambia halitafanana. Fedha niliyobeba nikanunulia sindano ya santuri nikarudi nyumbani. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mimi wakati huo hata mimba yake sikuiona.

Kabla mwaka haujatimia alikuja mtu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na nilikuwa nimeivua spika kitambaa cha mbele ili niifute vumbi. Waliingia ndugu wawili wa baba mkwe, dada yake, yaani shangazi wa mke wangu, na nyuma yao mchoma mkaa mmoja aliyeshika kofia mikononi. Alikuwa amemkuta msituni miezi mingi iliyopita. Akamfukia kwa jembe lake mwenyewe, akaweka jiwe, akachukua kipande chake cha utambulisho na kukificha kwenye paa, mpaka alipopata ujasiri wa kuuliza. Alisimulia hayo akitazama sakafu. Wale ndugu walikuwa wametoka huko alfajiri, wamekwisha kumfukua. Waliliona pengo la jino. Gari lilikuwa nje, na mifupa ilikuwa ndani ya gunia la kahawa. Walitaka wafike Masaka kabla ya jua kuzama.

Nyuma ya pazia hakukuwa na kilio. Nilimsikia mama mkwe akisema tu, "Asante, Mungu wangu. Asante." Jambo alilolililia miezi yote ile alikuwa amelipata, nami nililisikia nikiwa nimekaa futi nne kutoka kwake.

"Toeni lubugo," shangazi akasema.

Mke wangu akapiga magoti, akavuta sanduku. Bado nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na komeo la kufungua, kulikuwa na nguo mbili za juu za kuondoa. Ulimi ulikuwa mdomoni, mzima. Nikakaa kimya nikimwangalia akilitandaza mkekani, kunjo moja, kunjo jingine, mpaka kona ikafunguka na wote wakaona tundu, la mviringo kabisa, kubwa kama sinia.

"Panya," akasema mmoja wa wale ndugu.

"Panya hakati duara," mke wangu akasema. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu. Mshonaji anaujua mkato wa mkasi wake. Akainua macho, si kwangu, kwa spika iliyokuwa wazi mezani, na ule mzingo mwekundu uliozunguka koni yake. Akasimama, akaenda akaugusa. "Na mama alikuwa anatuomba tuongeze sauti," alisema, taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa.

Kutoka nyuma ya pazia mama mkwe akauliza kuna nini. Akauliza tena. Shangazi akaenda, nikasikia maneno machache ya Luganda. Mimi niliinuka nikaanza kuung'oa ule mzingo kwa kucha. Nilikuwa nimeigundisha vizuri kazi yangu; ulitoka vipande vipande, na koni ikapasuka pamoja nao. Nikampelekea shangazi vile vipande viganjani, vimejaa gundi. Alivitazama, akanitazama na mimi.

"Virudishe kwenye redio yako," akasema.

Mkono wa mama mkwe ulitokeza pembeni mwa pazia. Ulishika ukanda wa gomesi yake, ule mpana wa kitambaa cha kung'aa anaofungia kiunoni. Mke wangu aliupokea na kuukata, akaufanya kiraka cha lile tundu, akishona garini njia nzima, huku gunia likiwa miguuni pake na gari likiruka mashimo. Kwenye vizuizi mimi ndiye niliyeongea na askari, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kinawafurahisha. Walitupitisha haraka. Hakuna ndani ya gari aliyeniambia lolote, na afadhali wangenitukana.

Kijijini walimvika na kumteremsha. Wanawake walisimama upande mmoja, wanaume upande wa pili. Nilipewa nafasi pamoja na waume wa mabinti wengine wa ukoo. Kila mmoja alikuwa ameshika lubugo lake chini ya kwapa, na walipoitwa walisogea mmoja mmoja kulitandaza juu ya marehemu. Ilipofika zamu yangu nilibaki nimesimama, mikono mitupu, nao wakamwita aliyenifuata.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa, watu walianza kutawanyika wakisalimiana. Ndipo nikamwona mama mkwe akivuka kuja upande wa wanaume. Nilifanya kile kinachotakiwa: nikainamisha uso, nikarudi nyuma, nikajificha nyuma ya mgongo wa mtu. Yule mtu akaondoka. Nikarudi nyuma tena mpaka migomba ikanizuia. Yeye akaendelea kuja, wazi, kichwa juu, bila kujifunika uso, na watu wakageuka kumtazama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikauona uso wake. Ulikuwa umefanana sana na wa mke wangu, naye mke wangu alikuwa nyuma yake, hakumzuia.

Akasimama mbele yangu, akaninyoshea mkono, kama anavyonyoshewa mgeni yeyote aliyefika mazishini. Na akasema nami kwa Kiswahili.

"Asante kuja, bwana. Umetoka mbali."

Wote walikuwa wanaangalia. Niliushika.